Mukono wa Mwadi Haujapona

Mama Rachelle wa ku radio,

Mi nakuandikia juu nimechoka kueleza. Myaka mbili imepita tangu banitibu kansere ya ziwa, titi ya kushoto, kule Lusaka, balinipasua, kisha balinichoma na mashini ya rayon, ile mionzi, siku makumi mbili na tano, nikarudia Kolwezi, kanisa yote ikaimba, na tangu siku ile kila mutu anasema "Mwadi alipona," na mi naitika tu, lakini ngozi ya kifua iko ngumu sawa kiatu ya zamani, bega haipande, nikienda tu ku pompe kuchota mayi nakohoa, na mukono wa kushoto unavimba mupaka pete ya ndoa balikata na koleo.

Mwezi uliopita tulienda Lubudi ku ndoa ya mudogo wa bwana yangu, na mulamu wangu Charlotte, dada ya bwana, akaniweka ku sufuria kubwa ya bukari, ugali ya batu mia. Nikamwambia, "Charlotte, mukono hauweze." Akajibu mbele ya bamama bote, "Kansere iliisha, uvivu njo ulibakia." Nikasonga ile bukari kwa haya. Kesho yake mukono ulikuwa mwekundu, una moto, nikalala siku tatu na homa, na Charlotte akasema ni damu mubaya imejaa mule. Sasa amepata mutu wa kunichanja na wembe, atakuja Jumamosi, na bwana yangu Gaston anasema, "Kubali, Mwadi, tupate amani mu nyumba." Naogopa wembe, lakini naogopa pia kuitwa mwenye kiburi. Nifanye nini?

Mwadi, Kasulo, Kolwezi

Mama Mwadi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Nilimupigia Tata Mukuna, mwenye kunyoosha viungo vya wagonjwa ku hospitali. Akaniambia: bakikata ndani ya kwapa na kuchoma na rayon, njia za maji ya mwili zinaziba, nyama inakuwa ngumu, na inaweza kubaki vile myaka mingi. Si uvivu, si damu mubaya. Wembe ku mukono ule ni kufungulia homa mulango, na safari hii inaweza kukuua. Kwa hiyo hapana. Kiburi kiko wapi?

Lakini na wewe, mama. Myaka mbili unaitika "nimepona," unasonga bukari ya batu mia, kisha unashangaa hawakuamini. Na mu barua yote sijaona mahali Gaston ameangalia kile kifua. Atajua namna gani?

Leo mchana fungua pazia, vua blouse, umuambie Gaston aweke mukono pale penye ugumu. Kesho asubuhi mwende wawili ku hospitali. Daktari aangalie mukono, kifua kipigwe picha juu ya kikohozi, muulize bendi ya kufunga mukono na mazoezi ya bega. Ku mukono ule, hakuna sindano, hakuna kupima presha. Wekundu na homa vikirudi, enda siku ile ile, usingoje mutu. Ndoo ya mayi abebe Gaston, na Jumamosi yeye amurudishe mutu wa wembe ku mulango.

Na Charlotte akiuliza nani alimurudisha yule mutu wa wembe, wewe unyamaze. Gaston njo amujibu. Ni dada yake.