Mkono wa Fundi Jicho

Tarehe 9 Januari

Kwa binti yangu,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kabisa kwa sababu najua ndilo unalolitafuta. Mama yako naye mzima, isipokuwa siku hizi akipigiwa simu anakwenda kuongelea nyuma ya nyumba, na mimi nikitokea anasema "haya, tutaongea". Wewe je, unakula, unalala?

Kifurushi nimekipata. Bangili ya mpira mweusi, na ndani yake kidude kinang'aa, kidogo kuliko punje ya mchele. Unasema niivae mkono wa kulia, nisiivue hata nikioga, na wewe huko huko uliko utauona mkono wangu. Mkono wangu umeuona tangu siku uliyozaliwa. Sasa unataka kuona nini?

Halafu bahasha. Nyuma ina muhuri: Kitengo cha Ubongo na Akili. Mtu wa posta aliusoma kabla yangu. "Pole, mzee," akaniambia. "Pole ya nini?" "Pole tu." Akaondoka na baiskeli yake, na ninavyomjua, kabla hajafika kona habari ilikuwa imefika. Wewe uliniambia unasomea umeme. Umeme na vichaa vinakutana wapi?

Na jingine. Una simu, nina simu, lakini tangu mwaka jana unanisumbua niandike barua kwa mkono, kila mwezi, kurasa mbili, kalamu ya wino. Mtoto gani wa siku hizi anataka barua? Mimi shule niliiacha darasa la tatu, herufi nimezijua kwa kuzipaka ukutani, lakini mjinga sikuwahi kuwa. Mtaa huu hakuna kibao cha duka kisichotoka mkononi mwangu. Sipigi mstari, sishiki rula, jicho tu, na hilo jina la Jicho sikujipa. Kinyozi hakuamini, akaleta futi akapima kibao chake herufi moja moja. Zote sawa. Aliniomba radhi mbele ya wateja.

Kwa hiyo niambie kwa lugha nyepesi: mnatafuta nini mkononi mwangu?

Baba yako,
Fundi Jicho


Tarehe 2 Februari

Shikamoo baba,

Naomba hii iwakute wewe na mama mkiwa na nguvu. Mimi nakula na nalala, ila maabara ina baridi, tunavaa makoti mchana kutwa kama walinzi.

Kazi yangu ni ile ile ya umeme. Kuna vitu vinaitwa semikondakta. Si kama waya wa shaba unaopitisha umeme wakati wote, wala si kama mpira unaoukataa wakati wote. Hivi ukivibembeleza vinakubali, ukiviacha vinagoma. Mwenzangu wa meza ya pili anasema vina tabia za wazee. Nikamwambia bado hujamjua baba yangu.

Sisi tunavitengeneza kuwa nyuzi. Elfu moja ukizilaza ubavu kwa ubavu hazifiki unene wa unywele. Uzi mwembamba hivyo unahisi mambo madogo sana: mkono ukitikisika kidogo tu, jasho likibadilika kidogo tu. Hizo ndizo zimo kwenye bangili. Ghorofa ya juu yetu wako madaktari wa ubongo na wa akili, wanazihitaji kwa watu wao: wanaotetemeka, wenye kifafa, wenye huzuni isiyokwisha. Bahasha niliazima kwao, zetu ziliisha. Hakuna aliyesema wewe ni kichaa.

Tulipoisoma barua yako tulicheka sana hapo kwa kinyozi.

Baba, mama ameniambia kuhusu kazi ya ukumbi. Nakuomba usipande ngazi.

Binti yako


Tarehe 20 Februari

Binti yangu,

Salamu. Afya yangu ni ile niliyokuandikia, haijaongezeka wala haijapungua.

"Tulipoisoma tulicheka." Mimi nilidhani naandikia mtu mmoja. Hao wengine ni akina nani, na nani amewapa ruhusa ya kucheka?

Nimeanza kuunganisha mambo. Juzi nafunga vifungo vya shati, namwona mama yako amesimama mlangoni, macho kwenye saa ya ukutani. "Unangoja nini?" "Nangoja chai ichemke." Nikaenda jikoni. Moto haujawashwa. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mwanamke hajawahi kunidanganya vibaya kiasi hicho. Mwongo wa kufundishwa huyo, na mwalimu yuko mbali, amevaa koti.

Basi andika kwenye daftari lako: mkono mzima. Tazama mwandiko huu ulivyosimama, mkubwa, umenyooka, na hao wenzako nao wautazame. Na bangili inavaliwa, mchana na usiku, haivuliwi.

Kuhusu ukumbi. Ni ule mpya wa mikutano, barabara kuu, ghorofa mbili. Herufi kumi na nne, kila moja kimo cha mtu mzima. Mwenye ukumbi alitaka kubandika herufi za plastiki. Nikamwambia plastiki inachunika kama magamba ya samaki, rangi yangu itamzika yeye na wajukuu zake. Akacheka, akanipa kazi. Nitaanza mvua zikikatika. Ngazi nimepanda kabla mama yako hajanijua jina.

Baba yako,
Fundi Jicho


Tarehe 28 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini mko salama. Mimi siko vizuri, sijalala sawasawa wiki nzima, na nitakwambia kwa nini bila kuzunguka.

Bangili inaleta habari mbaya. Kila asubuhi kuanzia saa mbili mkono unatetemeka karibu saa mbili mfululizo, haraka haraka, haupumziki. Mchana tena. Daktari wa ghorofa ya juu anasema hajawahi kuona mtetemo wa namna ile kwa mtu anayetembea. Anataka uje mara moja.

Lakini haelewi jambo moja, na hapa lazima nikiri. Ugonjwa tunaouhofia unaitwa Parkinson. Unaanzia kwenye ubongo, na kwa watu wengi mwandiko unapungua kabla hawajajua kitu. Mstari unaanza na herufi kubwa, unaishia na ndogo. Mwaka jana nilipokuja likizo niliona hivyo kwenye daftari lako la wateja. Ndiyo maana nikakuomba barua. Nimekuwa nikizipima, baba, na daktari amezipima. Zilikuwa zinapungua kila mwezi. Halafu ya Februari ikaja na herufi kubwa kuliko zote. Mkono wa kwenye barua na mkono wa kwenye bangili si wa mtu mmoja, ndivyo alivyosema.

Njoo tu. Na ukumbi waachie wengine.

Binti yako


Tarehe 6 Aprili

Binti yangu,

Daktari wako ana akili kuliko nilivyomdhania. Si wa mtu mmoja.

Bangili anayo mama yako. Nilimvalisha siku ile ile ilipofika, nikamwambia ni zawadi yake kutoka kwako, inapima mapigo ya moyo. Vifungo vyangu ulimfundisha kuvihesabia dakika, la bangili hukumwambia. Na mama yako, kama umesahau kilichokulipia ada, ni mshona nguo. Saa mbili asubuhi anakaa kwenye cherehani mpaka saa nne. Mchana tena. Elimu yote hiyo, nyuzi elfu kwenye unywele mmoja, ghorofa nzima ya madaktari, mmepima cherehani. Nimemsomea barua yako. Alicheka mpaka akaushika mlango, halafu akaacha ghafla akaenda kulia chumbani. Hilo la kulia ni juu yako.

Na barua ya Februari nilipiga mistari. Kwa rula na penseli, juu na chini, nikaandika katikati, nikafuta. Nilikwisha kuhisi kuna mtu anapima.

Sasa sikiliza. Mimi nilikuwa nakaa mezani Jumapili mchana kutwa kuandika kurasa mbili. Mama yako ananiuliza unamwandikia mtoto mambo gani yasiyoisha, namwambia mtoto anapenda barua zangu. Nilijivuna kwa hilo. Nilimwambia mpaka kinyozi. Kumbe ulikuwa huzisomi, unazipima.

Hutapata nyingine.

Fundi Jicho


Tarehe 15 Juni

Shikamoo baba,

Nimeandika mara mbili hukujibu, na simu unampa mama. Kwa hiyo siulizi hali, maana najua hutanijibu. Nakueleza yangu tu.

Nilikosa. Nilitakiwa kukwambia tangu siku ya kwanza, na kwa mtu mwingine yeyote ningefanya hivyo, ndiyo sheria ya kazi yetu: mtu anaelezwa, anakubali, anaweka sahihi. Kwako nilipita dirishani. Nilimwambia daktari kwamba umekubali. Nimekwenda nikamwambia nilidanganya. Barua zako zimetolewa kwenye utafiti, ulikuwa namba kumi na saba, sasa namba hiyo ina alama ya kukata. Mkuu wa maabara amenisimamisha mwezi mmoja. Amefanya sawa.

Nilijua ukiambiwa ungekataa. Nilichokuwa nakiogopa ni wewe juu ya ngazi na mkono usiotii.

Barua zenyewe ninazo mimi, za kweli, sijampa mtu ila nakala. Nimezirudia zote bila rula. Ile ya Oktoba, ya yule mteja aliyetaka kibao cha duka la samaki chenye picha ya simba, nimeicheka peke yangu chumbani. Ulikuwa umeandika vizuri sana na mimi nilikuwa nimeona milimita tu.

Sikuombi uje. Nakuomba unijibu, hata mistari miwili, hata ya kunigombeza.

Hii hakuna mwingine aliyeiona.

Binti yako


Tarehe 30 Septemba

Binti yangu,

Habari za siku nyingi. Mama yako anakusalimu, magoti yanamsumbua kidogo, na cherehani iliyokuwa imeharibika imetengenezwa. Natumaini wamekurudisha kazini. Kama bado, niandikie jina la huyo mkuu.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni. Nilitaka kwanza nimalize ukumbi, halafu nikujibu nikiwa nimeshinda. Nilikuwa nimeipanga kabisa barua yenyewe, ingekuumiza.

Nilianza mwezi wa saba. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuangalia, na wakiangalia watu mimi sipigi mstari, hata ungenipa uzi wa dhahabu. Kule juu uso wako uko karibu na ukuta, unaona herufi moja, unasogeza ngazi, unaona inayofuata. Mkono ulikuwa unakataa kidogo, nikawa naushika kwa mkono wa pili. Siku ya nne nimemaliza. Nikashuka, nikavuka barabara, nikageuka.

Ya kwanza kimo cha mtu mzima kama nilivyoahidi. Ya saba kimo cha mtoto wa shule. Ya kumi na nne ungeweza kuifunika kwa sinia. Jina zima lilikuwa kama reli inavyokwenda mbali. Mimi nilidhani ni macho, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Kinyozi alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Mtu huyu hanyamazi hata akiwa na wembe shingoni mwa mteja. Alinyamaza. Ndipo nikajua.

Kesho yake asubuhi nilipaka nyeupe ukuta wote. Nilimwambia mwenye ukumbi alete plastiki yake. Tangu hapo sijapanda, na ngazi nimempa jirani. Usinishukuru, nilimpa kwa hasira.

Sijakusamehe sawasawa. Nasema hivyo usije ukafikiri ukuta ndio umekutetea. Ulichoniambia kuhusu mkono ni kweli na ulivyokipata ni wizi, na vyote viwili nimevibeba miezi hii sita nikijaribu kutupa kimoja kibaki kingine, haiwezekani.

Sasa nakupa kitu ambacho bangili haikukipata wala rula. Rangi hainuki. Mwaka wa tatu huu. Nafungua kopo, naingiza pua, kama maji. Nilimwita muuza rangi mwizi mbele ya watu, anachanganya, anatuuzia uji. Nikahamia duka la pili, naye nikamwita mwizi. La tatu pia. Wiki iliyopita mama yako aliingia chumba cha kazi akarudi nyuma anakohoa, tina ya kuyeyushia rangi ilikuwa imemwagika kopo zima chini ya meza, na mimi nimekaa hapo tangu asubuhi nasikia hewa safi. Sikumwambia kitu, nilisema nina mafua. Hakuna anayejua ila wewe sasa. Kama hilo nalo linatoka kwenye ubongo, liandike. Kama halitoki huko, basi nina maduka matatu ya kwenda kuomba radhi.

Vifungo vya shati ni dakika kumi na moja. Mama yako atakuwa amekwambia tisa, ananihurumia.

Nakuja. Basi la Jumatano asubuhi, nitafika kabla ya saa kumi. Usilete mtu wa kunishika mkono kituoni. Nimekata shauri mwenyewe, na hiyo karatasi ya kukubali nitaisoma yote, neno kwa neno, hata daktari akisinzia, na sahihi nitaweka kwa ukubwa utakaotoka siku hiyo. Namba sitaki, andikeni jina langu. Nyuzi zako nataka kuziona, kama zinaonekana.

Halafu daktari akae pembeni. Wewe ndiye utakayenipima. Kaa mbele yangu, uso kwa uso, unipime nikikuona.

Baba yako