Rangi ya Kucha kwenye Injini

Dzaleka, Malawi
Jumatatu, baada ya chai

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na Mama na wote mlio hapo nyumbani Fizi. Goti lako linaendeleaje? Etabo aliniambia umeanza tena kupanda kwenda shambani bila fimbo, nami nikamwambia akufiche viatu. Na Mama, kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Sisi huku ni wazima. Mume wangu Alimasi amenenepa kidogo, mashati niliyomshonea mwaka jana yanambana kifuani. Watoto wanasoma, na Kichewa chao sasa kinanishinda. Wakitaka kunisengenya mbele yangu wanageuza lugha tu na kuendelea kula.

Naandika kwa kalamu kwa sababu hupendi sauti za simu, halafu nitaipiga picha barua na kuituma kwa Etabo akusomee. Etabo, mdogo wangu, soma yote, hata pale ninapojisema vibaya. Usiruke mstari.

Nataka kukueleza habari za lori, Papa, kwa sababu na wewe umo ndani yake.

Unakumbuka nilivyokuambia kwamba tulinunua lori la dizeli nusu kwa nusu na Mayi Phiri, yule mama Mmalawi anayenunua mahindi Mponela. Kadi ina jina lake, usukani ni wa Alimasi, na nusu yetu ilitoka kwenye cherehani yangu, miaka sita ya sare za shule na magauni ya kwaya. Lori ni la zamani, nadhani linanizidi umri. Linabeba mahindi kutoka Mponela hadi Lilongwe, na kurudi linabeba sabuni na chumvi kutoka soko la Tsoka kwa maduka ya hapa kambini kwetu wakimbizi. Mwaka mzima lilikwenda vizuri. Kisha, mvua zilipokuwa nyingi, likaanza kukosa nguvu. Likifika kilima linatoa moshi mweupe na kutetemeka, na siku moja likazima kabisa, tukalivuta mpaka nyumbani.

Mayi Phiri alikuja kuliangalia. Huyu mama ni mpole hata anapokukata. Alisema mavuno yakianza na lori bado limelala, ataliuza kwa watu wa vyuma chakavu na kila mmoja achukue nusu yake. Akasema zikomo, asante yao, akamaliza maji yake, akapanda kabaza, baiskeli ya kukodi, akaenda zake.

Nililia, sikufichi. Hapa kambini karibu kila kitu ni kungoja. Unangoja posho, unangoja jina lako kwenye orodha, jirani yako ana mwaka wa kumi na mbili anangoja ndege ya kumhamishia nchi nyingine. Lile lori ndilo kitu pekee ambacho sisi hatukukingoja. Tulilitafuta wenyewe. Niliapa kwamba halitakatwa vipande mimi nikiwa hai.

Basi tukaanza kutafuta fundi. Wa kwanza alikuwa mjini Lilongwe, mtu wa maneno matamu, ana Biblia kwenye dirisha la gereji. Alikaa na lori siku nne. Liliporudi bado linatoa moshi, na betri mbili zilizokuwemo hazikuwa zetu. Alimasi, unamjua mkwe wako, akasema labda ni zilezile ila zimechoka. Nikamwambia betri ikichoka haibadilishi rangi. Wa pili tulimwita kutoka Mponela. Alifungua boneti, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani, akasema injini imekufa. Kesho yake akaja na mnunuzi wa chuma, na huyo mnunuzi alikuwa shemeji yake.

Ndipo akina mama wa kwenye chigayo, kile kinu cha kusaga unga, wakaniambia nimjaribu Anastase. Ni Mnyarwanda wa makamo, mtu wa maneno machache, ndiye anayetengeneza injini za vinu vyote vya hapa. Alikuja na spana zake amezifunga kwenye kitambaa kama mtu anayebeba mtoto. Hakufungua boneti. Aliuliza kwanza dizeli tunanunua wapi. Nikasema ukweli, kwamba siku hizi vituo vya mafuta mara nyingi ni vikavu, foleni inalala huko, kwa hiyo Alimasi hununua kwa watu wenye madumu kando ya barabara. Anastase akachota dizeli kutoka chini ya tangi, akaitia kwenye chupa ya kioo na kuiweka kivulini. Baada ya muda tuliona wote. Juu mafuta, chini maji na uchafu wa kutu, kidole kizima. Akasema injini haijafa, ila imelishwa vibaya. Angeosha tangi, abadilishe filta, kisha atoe nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, na kuziosha moja moja.

Papa, hapo ndipo nilipokukumbuka. Kila ulipopeleka kamyo, lile lori uliloendesha, gereji kule Uvira ulipaka alama nyekundu kwenye vyuma, ili ujue kama fundi amekubadilishia. Mimi nilikuwa nakaa juu ya gunia nikikushikia kopo la rangi. Sikuwa na rangi ya chuma, ila nilikuwa na chupa ya rangi ya kucha niliyonunua Tsoka kwa ajili ya harusi ya binti wa mchungaji. Anastase alipokwisha kufungua boneti na kwenda kula nsima yake, nilipanda kwenye bampa na gauni langu la kazi, nikapaka nozeli zote, kila moja doa moja, haraka haraka kabla hajarudi. Nilijisikia mjanja sana. Alimasi alinikuta nashuka, akasema si vizuri, huyu ni mtu wa sala. Nikamwambia hata wa betri alikuwa na Biblia.

Siku ya pili yake nilikwenda kuangalia. Nozeli zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa, safi, zinang'aa. Hakuna alama. Nikazigeuza zote. Hakuna hata moja. Damu ikanipanda kichwani. Anastase hakuwepo, alikuwa bombani anajaza ndoo, nami nikamfuata huko huko, mbele ya foleni yote ya akina mama na madumu yao. Nikamwita mwizi. Nikamwambia arudishe nozeli zangu. Na kwa sababu hasira yangu haijui kusimama, nikaongeza la watu wake wote, "Banyarwanda, njo vile muko."

Etabo, usiruke hapo.

Aliacha maji, akaja mpaka kwenye lori, akafunga spana zake kwenye kile kitambaa na kuondoka. Nozeli aliniachia, amezifunga kwenye gazeti vizuri. Injini ikabaki wazi, matundu yamezibwa kwa matambara. Mchana huo huo mtu akaja na ujumbe wa Mayi Phiri kwamba huko Mponela mahindi ya kwanza yameanza kukauka shambani. Nilikaa kwenye cherehani na kushona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia, Anastase akatokea amebeba beseni kwa mikono miwili, anatembea polepole lisimwagike. Akaliweka mlangoni pangu. Ndani kulikuwa na petroli chafu aliyooshea nozeli. Haitupi, kwa sababu mafuta ni shida. Anaiacha itulie ili ile safi ya juu aitumie tena. Alichukua kijiti, akakoroga taratibu pale chini kwenye tope jeusi, na vipande vidogo vyekundu vikaanza kupanda juu. Ilikuwa rangi yangu, Papa, ile ya harusi.

Akasema, "Mama, rangi yako njo hii. Ulipaka juu ya uchafu. Ilishika uchafu, haikushika chuma."

Akabeba beseni lake akarudi kwao. Nilibaki na ufagio mkononi. Na hapo hapo nikakuona wewe tena kule Uvira, lakini safari hii nikakuona vizuri. Ulikuwa na brashi mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa na kitambaa chenye petroli. Ulipangusa kwanza. Kila mara ulipangusa kwanza. Mimi miaka yote nimekumbuka mkono wenye rangi, kwa sababu ndio uliopendeza kutazama. Yule mtu nilimtukana kwa kuwa alifanya kazi yake vizuri kuliko wote. Fundi mvivu angerudisha nozeli na uchafu wake na alama yangu juu, nami ningemsifu.

Jioni tulikwenda kwake, mimi na Alimasi. Nilisema nimekosa kumwita mwizi, na kwamba hata kwa lile neno juu ya watu wake nimekosa. Mke wake alitupatia viti, lakini hakukaa. Anastase alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Mi nimesamehe. Lakini yale maneno iko bado ku bomba. Batoto yangu banachota maji pale kila siku."

Sikulala vizuri. Unajua kichwa changu, Papa, ulikuwa unasema nimezaliwa na shingo isiyogeuka. Kukosea sikuogopi, ila kusimama mbele ya akina mama wale wale, ambao nawashonea na ambao hawasahau kitu, hilo niliona ni kubwa. Nikawaza kumtafuta fundi mwingine. Nikawaza hata Mayi Phiri auze tu, yaishe. Kisha nikafikiria watoto wa Anastase na ndoo zao, wakipanga foleni nyuma ya neno langu.

Nilikwenda saa moja asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Niliweka dumu langu chini na kusema kwa sauti ile ile niliyotukania. Nilisema Anastase hakuniibia kitu, kwamba nilipaka rangi juu ya uchafu kama mjinga na yeye akausafisha, na kwamba neno nililosema juu ya watu wake ni la uongo na ni aibu yangu. Binti yake mkubwa alikuwemo kwenye foleni, akaangalia miguu yake. Kisha mama mmoja mzee wa kutoka mji wa Baraka akaniambia, "Basi, imesikika. Songa mbele, dumu yako iko inazuia bantu." Wengine wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yakinitoka.

Adhuhuri Anastase alikuja na spana zake. Hakusema habari za bomba. Alifungua lile gazeti, akapanga nozeli, na kabla ya kuzirudisha akanipa kitambaa kisafi chenye petroli kidogo, akasema nikitaka nipanguse na kupaka sasa, atangoja. Hakuwa ananidhihaki. Nilikishika kile kitambaa, nikamrudishia.

Kazi ilichukua siku mbili nyingine. Betri tuliazima kwa mwenye chigayo, maana zile tulizobadilishiwa hazikuwa na nguvu. Alimasi alipowasha, lori lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mmoja mkubwa, kisha likatulia na kunguruma sawasawa, na kuku wote wa jirani wakakimbia. Alimasi aliimba wimbo wa kwaya akiwa amekaa kwenye usukani. Anastase yeye aliweka kiganja juu ya injini, akasikiliza, akaomba maji ya kunawa.

Wiki iliyopita lilipakia mahindi ya kwanza. Mayi Phiri alipanda mbele pamoja nasi kutoka Mponela ili ajionee, amekumbatia mkoba wake kifuani. Tulipofika kwenye kilima kile kilichokuwa kinatuua Alimasi alipunguza gia. Lori lilipanda bila moshi mweupe. Tulipokuwa juu Mayi Phiri aliuliza fundi anaitwa nani, kwa sababu ana kinu chake Mponela kinasumbua, na akasema watu wa vyuma atawaambia wasije tena. Dizeli ya madumu tumeiacha. Ikitulazimu kabisa, nimeshona mfuko wa kitambaa kizito wa kuchujia, na inakaa kwenye chupa kwanza tuione. Anastase aliukagua mshono wa mfuko ule mbele na nyuma, akasema ni mzuri. Kwake hiyo ni hotuba.

Ukipata nguvu niandikie kwa mkono wa Etabo. Nataka kujua kama kule Uvira uliwahi hata mara moja kupaka bila kupangusa. Nadhani hukuwahi.

Mfikishie Mama salamu zangu na umwambie kitenge chake nimeshakipata, natafuta mtu wa kumpa akilete. Msalimie shangazi Feza anayeuza mihogo, na dada yangu Neema na mume wake mwalimu. Mjomba Wilondja wa kanisani mwambie kwamba naomba aniombee mdomo wangu, mengine yanaendelea. Na yule kondakta wako wa zamani, kama bado anakuja kunywa chai hapo barazani, mwambie binti wa shofere hajasahau kushika kopo.

Mungu akutunze, wewe na goti lako.

Ni mimi mwanao,
Riziki

Nimesahau jambo moja. Ile chupa ya rangi ilikuwa imebaki kidogo. Jana kabla ya ibada nilikaa mlangoni, nikanawa mikono vizuri, nikaikausha, nikapaka kucha zangu zote kumi. Ikaisha.