Udhaifu Nilioambiwa Niuhamishe

Mji Mkongwe, Unguja
Jumapili

Dada yangu Esta,

Shikamoo. Miguu ya mama inaendeleaje? Shemeji hajambo, na watoto? Natumaini huko Singida mnaamka salama. Mimi mwili mzima, lakini moyoni si mzima hata kidogo. Barua hii usimsomee mama.

Unajua kazi yangu hapa katika shirika la huduma za macho ni mawasiliano: matangazo, jarida, picha. Mwezi uliopita mkurugenzi wetu, Bi Salma, alinitaka nifanye uchambuzi wa mawasiliano yetu, ule wanaouita SWOT, maana wafadhili wanautaka kabla ya kutuongezea muda. Karatasi unaigawa sehemu nne: nguvu zetu, udhaifu wetu, fursa zilizopo, na vitisho vinavyotoka nje. Nguvu nilizijaza haraka: tovuti nzuri, jarida la rangi, kundi la WhatsApp lenye masheha, yaani viongozi wa mitaa wa huku, na madaktari. Kwenye udhaifu sikuona cha kuandika, nikaona bora niwaulize wagonjwa wenyewe.

Nikaenda Mkokotoni, kwa Mzee Haji, fundi wa kushona kanzu aliyekuwa kwenye orodha yetu ya upasuaji. Mkewe, Bi Mize, ndiye aliyenipokea. Nikamuuliza kama taarifa zetu zinawafikia.

"Taarifa gani, mwanangu?" akasema. "Sisi tulikuja mjini siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Tukakuta pamefungwa. Tukalala kwa jamaa, asubuhi tukarudi. Mlinzi ndo akatwambia madaktari washaondoka."

Mzee Haji alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikufa zamani, na hilo la pili ndilo lililokuwa lifanyiwe upasuaji. Kambi nyingine ya upasuaji ilikuja baada ya miezi kadhaa, na jicho halikungoja. Sasa haoni kabisa. Nilimkuta amekaa pembeni ya cherehani yake, mkono ameuweka juu yake.

Dada, ni mimi. Madaktari walibanwa na safari, kambi ikafanyika siku mbili kabla ya tarehe ya kadi. Nikaandika tangazo, nikalitia kwenye tovuti na kwenye kundi, nikaona limesomwa, nikaenda kula. Namba za wagonjwa zilikuwa mezani kwangu, na ya Bi Mize ilikuwamo, simu ya kitochi isiyo na WhatsApp. Sikupiga hata moja. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja tu.

Niliporudi niliandika yote kwenye udhaifu, kama yalivyo. Bi Salma akasoma, akavua miwani.

"Elia, hii huwezi kuiweka."

"Ndivyo ilivyotokea, Bi Salma."

"Najua. Lakini wafadhili wakiisoma tunafungwa, na wagonjwa wengine watakwenda wapi? Andika changamoto ya mtandao vijijini, uihamishie kwenye vitisho."

Si mtu mbaya. Alikuwa analia, na sehemu ya maneno yake ni kweli. Isitoshe mkataba wangu unaisha mwezi huu, na nyumbani mnanitegemea. Nikaihamisha. Nikatia saini. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jana nikashindwa kuvumilia, nikarudi Mkokotoni kuwaambia. Bi Mize alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani. Mzee akanigeuzia uso.

"Huo ujumbe bado unao?" akauliza.

"Ninao, kwenye simu."

"Nsomee."

Nikasoma: ndugu mdau, tunapenda kukutaarifu kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu... Nikafika mwisho.

"Mdau ndo nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi mbona hukunambia?"

Nikaizima simu, dada. Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye hakunifukuza wala hakunibembeleza. Nilipokuwa natoka Bi Mize alinifuata hadi barabarani. "Siku ile hatukurudi peke yetu," akasema. "Walikuwepo wengine pale mlangoni. Watafute."

Leo nimeuandika upya ukurasa ule, na jina langu limo. Kesho asubuhi nampelekea Bi Salma, na wafadhili nawatumia nakala, halafu nakaa chini na ile orodha napiga namba moja moja. Naogopa, dada. Naogopa hata kuwasikia wakiitikia.

Msalimie sana shemeji, na mama mkubwa, na binamu yetu anayesoma ualimu. Mama mwambie tu nimeandika. Na ukiniona mlangoni na begi, usiniulize kitu mbele yake.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Elia