Waipa Ulizozipaka Mafuta

Baba Watoto,

Usiguse gari kabla hujamaliza kusoma. ~~Ufunguo nimeondoka nao.~~ Ufunguo uko juu ya friji, wewe ni mtu mzima.

Asubuhi mvua ilipoanza niliwasha waipa. Hazikupiga kelele, kama ulivyoahidi. Hazikufuta pia. Kioo chote kilitapakaa mafuta, na mama mmoja mwenye mwavuli nilikuja kumwona akiwa karibu kabisa na bampa. Niliwahi breki kwa bahati tu. Binti yetu alilia mpaka shuleni. Gari nimelirudisha polepole, kazini naenda kwa basi.

Mpira wa waipa haupakwi mafuta ya kupikia. Ukianza kulia umekauka, na dawa yake ni kuubadilisha. Nunua waipa mpya, zote mbili. Pima za zamani kwanza, maana ya upande wa dereva ni ndefu zaidi. Ukizitoa, tandika taulo juu ya kioo, kwa sababu ule mkono wa chuma ukijirudia ghafla utakipasua. Halafu osha kioo kwa sabuni ya vyombo mpaka mafuta yaishe kabisa.

Najua ulifanya hivyo kwa sababu nililalamikia kelele. Ungeniuliza.

Saa tisa mfuate mtoto. Amesema hapandi tena gari hilo, na sikumbishia. Usimwambie, "Baba ameshatengeneza." Mwagia kioo maji, washa waipa, umwache atazame mwenyewe kabla hujamfungulia mlango.

Mama Watoto