Mkate Ambao Mama Hakuung'ata

Margilan, Uzbekistan
14 Novemba 2023

Mpendwa Kaka Ilhom,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Mgongo wako unasemaje na baridi ya huko Korea? Sisi wazima, ila mke wangu Saodat ana mafua, na ananisingizia mimi ndiye niliyeyaleta.

Naandika kuhusu Mama, maana kwenye simu maneno hunikwama. Daktari alisema alihitaji mtu wa kumsaidia kuoga na kumkumbusha dawa, basi. Ni mimi na wewe tuliosema apewe uangalizi kamili, watu wasije wakasema wana wawili wamembania mama yao. Niliwaogopa majirani kuliko nilivyomsikiliza yeye.

Miezi mitatu sasa yuko kwenye yale makao ya wazee, pamoja na wasioinuka kitandani. Wanamlisha kwa kijiko, wanamvisha, wanamnyanyua. Ni watu wema, sina la kuwalaumu. Ila yule aliyekuwa akikanda unga kila Ijumaa sasa hasimami bila kushikwa. Juzi daktari yuleyule kampima tena, na safari hii kweli anahitaji uangalizi tuliomchagulia. Nimeona aibu, Kaka.

Kuna jambo sijakuambia. Siku ya kumpeleka nilikuwa na haraka, sikumpa mkate aung'ate kama tunavyompa kila anayeondoka, ili arudi kuumaliza. Wako ungali ukutani na alama ya meno yako, unakungoja uje uumalize, na Mama alikuwa akiufuta vumbi mwenyewe. Jumapili nilimuuliza kwa nini hataki mazoezi ya miguu.

"Mazoezi ya kwenda wapi, mwanangu? Anayerudi hung'atishwa mkate. Mimi mlinitoa tu."

"Nilisahau, Mama."

"Wa Ilhom hukuusahau. Ulimkimbilia nao mpaka stendi ya basi."

Jana Saodat alioka mkate, nikampelekea Mama ukiwa bado wa moto. Aliugeuzageuza, akasema mke wangu bado anazidisha chumvi, kisha akaung'ata kwa meno yake matatu. Nimeutundika kando ya wako. Alama yake ni ndogo, lazima usogee karibu ndipo uione.

Jumamosi namrudisha nyumbani, kwa kiti cha magurudumu. Saodat ameshamwekea unga na bakuli mezani, hata kama atakanda akiwa amekaa.

Nisalimie shemeji Dilfuza na Kamron mdogo. Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko. Ukimpigia Mama siku hiyo, usimwambie asijisumbue. Tumeshamwambia vya kutosha.

Mdogo wako akupendaye sana,
Hikmat