Mshumaa wa Sikio na Taulo la Jumamosi

Mshauri wetu mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba ushauri, nimejenga nyumba za matofali miaka arobaini na hakuna iliyopata ufa, shule nimesoma madarasa mawili tu lakini wahandisi wenye vyeti nimewarekebisha hesabu, ila hili limenishinda kidogo, kidogo tu, ndiyo maana nakuandikia. Mke wangu masikio yalikuwa mazito, basi kila Jumamosi anatandika taulo mapajani kwangu, analaza kichwa, nami namwekea sikioni ule mshumaa wa kitambaa na nta ulio wazi katikati, nauwasha huku juu, moshi unavuta uchafu, ndivyo alivyonifundisha marehemu baba. Ukibaki kipande nakipasua namwonyesha unga wa kahawia, namwambia, "Mama watoto, umeona mzigo uliokuwa umeubeba?" Anacheka mpaka taulo linateleza.

Sasa binti yetu ambaye ni muuguzi amekuja, akawasha mshumaa mmoja ndani ya glasi tupu, ukabaki unga uleule. Akaniuliza, "Baba, na glasi nayo ilikuwa haisikii?" Nikamwambia glasi haikuoshwa vizuri. Akampeleka mama yake hospitali wakamsafisha kwa maji, siku hizi anasikia hata mlango wa jirani, hilo sikatai. Lakini Jumamosi iliyopita nimekaa zangu namwona mama watoto anakuja na taulo lake, eti sikio linamsumbua. Kumbe mshumaa wangu ndio dawa. Nimwekee, au nimwogope mtoto niliyemzaa mwenyewe?

Fundi Asiyeshindwa

Fundi,

Usiuwashe. Glasi ilikuwa safi na binti yako yuko sahihi. Unga ule ni nta na kitambaa kilichoungua, na nta ya moto ikimdondokea ndani ya sikio utamuumiza mtu uliyetaka kumponya. Mwambie binti, "Hapo nilikosea." Hakuna ukuta wako utakaoanguka.

Ila mzee wangu, macho ya kuona ufa unayo, hili mbona limekupita? Mtu anayesikia mlango wa jirani anakuletea taulo la nini? Anataka mapaja yako, si mshumaa wako.

Binti alikague sikio kwanza, na kama kweli lina shida, mkeo arudi hospitali. Likiwa zima, kaa palepale, mlaze, mkune kichwa taratibu, na umsimulie zile nyumba zako zote. Lakini safari hii anasikia kila neno, kwa hiyo punguza chumvi.