Bei ya Paskali

Mwalimu,

Shikamoo. Siku hizi marahaba yako najiitikia mwenyewe, nikiinua kidevu kama ulivyokuwa ukifanya wewe, kwa hiyo tuendelee.

Paskali amesaini. Mwanao anaondoka Babati Jumatatu kwenda kuchezea klabu ya kikapu ya Dar es Salaam, mkataba wa miaka miwili, na bei yake niliisimamia mimi. Ni bei ya haki. Nakuandikia ujue nilivyoipata. Nakuandikia pia kwa sababu nina ugomvi na wewe, na siku tuliyokuzika kule Sigino nisingeweza kuusema mbele ya Mama Paskali.

Kwanza habari za nyumbani. Timu ninayo mimi, kama ulivyotaka. Uwanja wa Bagara tumeuchora mistari upya, na ile ringi ya upande wa barabarani iliyoinama imenyooshwa na fundi wa mageti. Sasa vijana wanalalamika kwamba wanakosa, maana walikuwa wameshaizoea ilivyopinda. Mama Paskali ni mzima na mahindi yalikubali. Maksai wako hajawauza, ingawa ndugu zako walimsonga sana baada ya arobaini.

Sasa mkataba. Meneja wa klabu alimwona Paskali kwenye mashindano ya mikoa, akanipigia simu na bei yake tayari mkononi: nusu ya anacholipwa mfungaji wao mkuu, tena kwa mwaka mmoja. Sababu yake ilikuwa fupi. Kijana wenu hafungi.

Ni kweli hafungi, Mwalimu. Kuna mechi anamaliza na vikapu viwili tu. Lakini siku hiyohiyo mfungaji hatari wa wapinzani, anayekabwa naye, anamaliza na kimoja, na sisi tunarudi nyumbani tunaimba. Hilo meneja hakuliona, kwa sababu kwenye karatasi ya matokeo pointi ambayo haikufungwa haina pa kuandikwa.

Nikakumbuka ule mnada wa ng'ombe. Nilikuwa bado mchezaji wako, umeniomba nikusaidie kuswaga ng'ombe mpaka nyumbani. Dalali akawa anapapasa nundu ya yule dume mwekundu, anakutajia kilo. Wewe ukamwuliza mwenye ng'ombe analima wapi, tukaenda kwa miguu, wewe na goti lako bovu, hadi shambani kwake kutazama mtaro aliolima yule dume. Ukaniambia, "Anjela, maksai hauzwi kwa kilo." Njia nzima ya kurudi ukanihadithia jinsi wewe mwenyewe ulivyosaini ujanani bila kuuliza, ukalipwa kwa hesabu ya vikapu wakati kazi yako ilikuwa kukaba, na goti lilipokwisha wakakupa nauli ya basi. Ndiyo sababu ulianzisha lile daftari.

Lile daftari, Mwalimu. Misimu mitano nimekaa pembeni ya uwanja juu ya kreti la soda nikichora mistari. Mstari mmoja kila mpinzani anapobanwa mpaka anarudisha mpira nyuma. Mstari mmoja kila anapopokea mpira mbali na pale anapopapenda. Meneja aliposema nimletee ushahidi, nilicheka peke yangu. Nikaenda kabatini nikijua nimeshamaliza kazi.

Nilifungua kurasa zote. Kila mchezaji yumo. Paskali hayumo.

Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimezoea. Ni wewe uliyenikataza. "Huyo usimwandikie, watasema nambeba." Kila mwaka ulisema hivyo, na mimi kila mwaka nikatii, tukajiona watu wa haki. Mkabaji bora aliyewahi kukanyaga uwanja ule hana hata mstari mmoja, kwa sababu ni mtoto wa mwenye daftari. Nilikasirika, Mwalimu. Nilikaa sakafuni nikakulilia na kukugombeza kwa pamoja.

Hapo hofu ikanifanya nikosee na mimi. Meneja alikuwa anakuja kutazama mechi yetu na vijana wa Singida, nikamwambia Paskali arushe, arushe kila akipata nafasi, ili wamwone. Alirusha. Alikosa karibu yote, na miguu yake ikawa imeshachoka pale mtu wake alipompita mara tatu mfululizo. Hajawahi kupitwa hivyo. Nilikuwa nimempeleka mnadani apimwe kilo kama ng'ombe wa nyama. Meneja akaondoka na bei yake ileile.

Nilipotulia nikakumbuka neno lako jingine: ukitaka kumjua mkabaji, usiwaulize wenzake, mwulize aliyekabwa. Nikaanza kupiga simu. Singida, Arusha, Katesh, hadi Dar, wote waliowahi kukutana naye. Nilikuwa na swali moja tu, siku ukisikia Paskali atakuwepo unafanyaje? Wakanitumia majibu ya sauti kwenye simu. Mmoja wa Arusha alisema, "Aisee, siku hiyo nalala mapema." Mwingine akasema humwambia kocha wake amwanzishe mtu mwingine, yeye aingie baadaye Paskali akiwa amechoka, ila hachoki. Nilizisikiliza mara nyingi. Ungekuwepo ungeinama ujifanye unafunga kamba za viatu, nisikuone unavyotabasamu.

Kabla ya kukutana na meneja nilikaa na Paskali tukapanga. Rafiki zake wa bodaboda walishamjaza upepo, wanataka alipwe sawa na mfungaji. Nikamkatalia. Hana mkono wa mbali, na mtu asiyeogopwa akiwa mbali huachwa peke yake, anayemkaba anakwenda kuwazibia wenzake wanne. Hiyo ni gharama halisi kwa timu, na bei ya haki lazima iwe haki kwa mnunuzi pia. Tena kazi yake iko miguuni, na miguu huzeeka kabla ya mkono. Kwa hiyo nilitaka robo tatu ya anachopata mfungaji, miaka miwili badala ya mmoja, na kifungu kimoja ambacho sikukusudia kukijadili: akiumia, klabu imtibie na mshahara uendelee.

Tulikutana hotelini karibu na stendi, mchana, chai na chapati. Meneja ni mstaarabu, lakini alikuja akitazama saa. Nikaweka simu mezani nikamsikilizisha sauti. Ya kwanza alitabasamu. Ya pili akaacha kutafuna. Ya tatu ilisema, "Huyo mimi sitaki kukutana naye tena maishani. Kama mnaweza, mleteni awe upande wangu." Akaniomba nirudie. Alikuwa ameitambua. Ilikuwa sauti ya mfungaji wake mwenyewe, yule anayelipwa kuliko wote, ambaye Paskali alimkaba kwenye yale mashindano ya mikoa.

Alibishana kidogo kuhusu robo tatu kwa ajili ya heshima. Kile kifungu cha kuumia alikipinga zaidi, nikamwambia basi tumalizie chai tuagane, na nilimaanisha. Akakubali.

Jana tulisainia sebuleni kwenu. Mama Paskali alisoma kurasa zote kwa miwani yako, kidole kikifuata kila mstari. Paskali alishika kalamu, kisha akaiweka chini. Akaniuliza, "Dada Anjela, baba angesema mimi ni wa bei gani?"

Mama alinitazama. Najua alitaka nini, na kusema kweli uongo mzuri ulikuwa umeshafika mdomoni. Ningesema baba yako alikuwa akikusifu ukiwa hupo. Lakini hukuwahi, Mwalimu, hata ukiwa na mimi peke yangu. Nikamwambia, "Angesema uende bure ukajifunze. Na angekosea."

Alicheka kwanza. Halafu akalia, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, kichwa mezani, mama yake akimshika shingo. Halafu akasaini.

Huo ndio ugomvi wangu, na nimeumaliza. Uliogopa kumpendelea mwanao mpaka ukamdhulumu, na mimi niliyekuwa na macho nikakusaidia. Yote mengine uliyonifundisha yamesimama. Ndiyo hayo niliyoyatumia kukupinga, na nadhani ungeona fahari kidogo kwa hilo, ukishamaliza kununa.

Nakuahidi jambo moja. Mechi yake ya kwanza Dar nitakuwepo, basi la alfajiri nimeshalikatia tiketi. Ikiisha nitashuka hadi uwanjani nimwambie, mbele ya watu, "Paskali, umekaba vizuri." Sitasema ni salamu kutoka kwako. Sifa zako ulikuwa na miaka ishirini na miwili ya kuzitoa. Zitakuwa zangu, nimechelewa kuzitoa, na atazipokea.

Lala salama, Mwalimu wangu. Nakukumbuka kila siku saa ya mazoezi.

Mwanafunzi wako,
Anjela